Ekari za Nyongeza

Fomu ya wageni ilikuwa na maswali manne. Umetoka mji gani? Umepitia wapi? Mko wangapi? Barua pepe yako? Kwa miaka mitatu Hyasinta Qamara alikuwa akiingiza majibu hayo kwenye kompyuta, mgeni baada ya mgeni, katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi ya loji moja iliyo mlimani juu ya mji wa Karatu. Kazi yake ilikuwa kukadiria hewa ukaa inayotokana na safari za ndege. Alichukua umbali kutoka kwao mgeni hadi uwanja wa Kilimanjaro, akauzidisha kwa namba iliyokuwa kwenye jedwali alilopewa na makao makuu, akapata kilo za hewa chafu za mgeni yule peke yake. Kisha alizigeuza kilo hizo kuwa miti. Siku ya kuondoka mgeni alikabidhiwa cheti: safari yako imefidiwa kwa miti minne iliyopandwa Rhotia. Chini ya cheti palikuwa na sahihi ya Hyasinta.

Rhotia ndiko alikozaliwa. Baadhi ya miti hiyo ilikuwa kwenye shamba la mama yake.

Asubuhi moja ya Februari, mama mmoja wa Kiholanzi alisimama mapokezi akisubiri gari, akawa anamsimulia jinsi alivyolala vizuri ndani ya ndege. Alilala kabisa, alisema, shuka na mto, miguu imenyooka.

"Kwenye kiti?" Hyasinta akauliza. Yeye hakuwahi kupanda ndege. Alizozijua ni zile ndogo zinazopita juu ya Karatu zikielekea Serengeti.

"Kinakunjuka kinakuwa kitanda," alisema yule mama, akamwonyesha picha kwenye simu. Mumewe alikuwa amelala upande wa pili, na kati yao pangeweza kupita toroli.

Gari likaja, wakaondoka na vyeti vyao. Hyasinta akabaki na ile picha kichwani. Pale walipolala watu wawili wangekaa watu sita. Kwa hiyo mafuta yaliyowaleta wawili hao yangeleta sita. Lakini jedwali lake lilikuwa na namba moja tu kwa kila mtu, namba ya anayekaa nyuma kwa kubanana. Alifungua mwongozo wa ukadiriaji ambao aliupakua zamani bila kuusoma hadi mwisho, akausoma sasa na kalamu mkononi. Mchana hakwenda kula.

Daraja la biashara lilipaswa kuhesabiwa karibu mara tatu ya daraja la kawaida. Na kwa kuwa moshi wa ndege hutolewa juu sana angani, ambako madhara yake ni makubwa kuliko ya moshi wa chini, mwongozo ulitaka hesabu nzima iongezwe kwa karibu mara mbili. Jedwali lake halikuongeza kitu. Jambo la mwisho lilimfanya aweke kalamu chini kwa jinsi lilivyokuwa wazi. Fomu iliuliza mgeni ametoka wapi. Haikuuliza anarudije. Kwa miaka mitatu alikuwa amewahesabia watu safari ya kuja tu, kana kwamba wote walihamia Karatu.

Cheti cha yule mama kilisema kilo mia nane na kumi na nne. Alipokokotoa upya alipata elfu nane na kidogo.

Meneja wa loji aliitwa Nafisa, binti wa mwenye duka la vitenge karibu na soko la Karatu. Alikuwa ameanza kazi pale kama mhudumu wa vyumba, akapanda ngazi moja moja hadi ofisi yenye dirisha. Hyasinta alimpelekea karatasi zake akitegemea kukaripiwa.

"Kwa hiyo vyeti vyote ni uongo," Nafisa alisema alipomaliza kusoma.

"Havilingani, Madam. Waliokaa nyuma ni kama mara tatu na nusu ya tulichowaandikia. Waliolala ni mara kumi. Nikichukua wageni wote wa mwaka jana, loji zote tatu za kampuni, wastani ni mara tano."

Nafisa alivua miwani. "Umefanya vizuri sana. Mawakala wa Ulaya wameshaanza kutuuliza maswali haya haya, na mkaguzi anakuja mwezi wa nne. Afadhali tumegundua wenyewe. Niandikie ukurasa mmoja, nautuma leo."

Hyasinta aliuandika kwa furaha. Jioni hiyo aliteremka mjini kwa miguu badala ya kupanda bodaboda, na njiani alijikuta anatabasamu mwenyewe.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Aya ya kwanza ilimpongeza kwa jina na kumfanya msimamizi wa makadirio wa kampuni nzima. Aya ya pili ilisema kwamba kwa kuwa hewa ukaa imepanda mara tano, miti nayo lazima ipande mara tano. Ekari thelathini zilizokuwa zikipandwa kila mwaka zingekuwa mia moja na hamsini. Zoezi lianze na mvua za masika, na lianze kwa wakulima waliokwisha kusaini, kwa mujibu wa kifungu cha tisa cha mkataba.

Hyasinta hakuhitaji kuutafuta mkataba. Kifungu cha tisa alikijua kwa sababu yeye ndiye aliyekitafsiri.

Ilikuwa mwaka 2022, katika ukumbi wa kigango cha kanisa pale Rhotia. Wakulima sitini na watatu walikaa kwenye mabenchi, na mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Alisimama mbele, akausoma kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiiraqw kwa ajili ya wazee. Alipofika cha tisa aliona watu wamechoka na jua limeshafika kichwani. Kifungu kilisema kwamba endapo makadirio ya hewa ukaa yataongezeka, mkulima atatoa eneo la nyongeza ndani ya shamba lake kabla ya kampuni kutafuta kwingine. Mkulima mmoja, Wilibrodi, alinyoosha kidole. Hyasinta akasema, "Hiki ni cha ofisini tu, hakituhusu. Makadirio hayapandi." Wilibrodi akashusha kidole. Akasaini. Mama yake Hyasinta akasaini baada yake, mkataba wa miaka ishirini na mitano.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda nyumbani. Mama yake, Brigita, alikuwa mjane wa miaka sitini na moja mwenye ekari mbili. Moja ilikuwa na migrevilea, ile miti ya kampuni. Nyingine ndiyo iliyomlisha: mahindi, maharage, na ngwara kidogo pembeni. Hyasinta alimkuta uani na ungo, anachambua maharage ya mbegu.

"Mama, wanataka ekari ya pili."

"Nani anataka?"

"Kampuni."

"Waambie hapana."

"Ulisaini, mama."

"Nilisaini ya miti. Ya mahindi sikusaini."

"Iko ndani ya karatasi ileile. Kifungu cha tisa."

Mkono wa Brigita ukasimama juu ya ungo. "Karatasi ile wewe ndiye uliyeisoma."

"Ndiyo."

"Hicho cha tisa ulikisoma?"

"Nilisema hakituhusu."

Kuku alisogea kwenye ungo, na Brigita hakumfukuza. "Sasa imekuwaje kimetuhusu?"

"Kwa sababu nimehesabu upya. Nimehesabu vizuri. Wageni wanachafua mara tano ya tulivyokuwa tunaandika."

Brigita alimtazama mwanawe bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Hukuweza kuhesabu vibaya kidogo?"

Hyasinta aliokota harage lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Na hao wageni, wakishajua wanachafua hivyo, wataacha kuja?"

"Hapana. Wataongezewa miti."

"Kwenye mahindi yangu."

"Kwenye mahindi yako na ya wengine wote."

"Basi nenda kaongee na hao waliokupongeza," alisema Brigita, akaurudia ungo wake.

Njiani kurudi alikutana na Wilibrodi akisukuma baiskeli yenye gunia la pumba. Wilibrodi akamsalimia kwa uchangamfu, akamuuliza habari za kazi, akasema kijiji kinajivunia kuwa na mtoto wao pale loji. Hyasinta alimjibu kila swali. La kifungu cha tisa hakumwambia.

Jumatatu alimwomba Nafisa airudishe barua ya makadirio waliyoituma makao makuu.

"Niirudishe vipi? Imeshafika, imesomwa, mawakala wameshatangaziwa kwamba sasa tuna hesabu za kweli," Nafisa alisema. "Hyasinta, ulichoandika ni sahihi au si sahihi?"

"Ni sahihi."

"Basi unataka nikanushe nini?" Akashusha sauti, "Na mimi nimebanwa. Mkaguzi akikuta hatuna mpango wa miti, mhuri wa ukaguzi hatupati. Bila mhuri mawakala wawili wakubwa wanaondoka. Hapa tuna wafanyakazi arobaini na saba, unawajua wote." Akafunga mlango wa ofisi. "Kuna njia moja. Msimamizi wa makadirio akiandika kwamba Rhotia haifai, udongo, mvua, chochote cha kitaalamu, kampuni inaweza kwenda kwingine. Makao makuu wameangalia picha za setilaiti. Wanasema kuna uwanda Piyaya, upande wa kaskazini, mkubwa, mtupu."

"Piyaya kuna watu, Madam."

"Nakuambia walivyosema wao."

Hyasinta alirudi chumbani kwake akaanza kuandika. Kilichomtisha ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Udongo wa Rhotia umechoka. Mashamba ni madogo na yametawanyika. Uwanda wa Piyaya ni mpana na hauna kilimo. Aya tatu, na ekari ya mama yake ikawa salama. Alibakiza sahihi tu. Nafisa akamshauri akapaone kwanza, asije akaulizwa na mkaguzi akakosa la kusema. Dereva angekuwa Lesiamon, maana kwao ni hukohuko.

Waliondoka alfajiri. Lesiamon alikuwa kijana wa miaka thelathini, mpole, anayeendesha bila redio. Walipita geti la Ngorongoro, wakapanda ukingo wa kreta ndani ya ukungu mzito kiasi kwamba taa za gari zilimulika hatua chache tu, kisha wakateremkia bonde la Malanja na ukungu ukabaki nyuma. Baadaye waliiacha barabara ya Serengeti wakaelekea kaskazini, kwenye vumbi.

"Tunakwenda kukagua nini hasa?" Lesiamon aliuliza.

"Mazingira tu," Hyasinta alisema.

"Karibu. Yeyo, mama yangu, atafurahi, hajawahi kuona mtu wa ofisini akifika kwetu bila polisi."

Alisema hivyo akicheka, na Hyasinta akacheka pia, kwa shida.

Walifika jua likiwa la utosi. Kila mahali palikuwa pamekauka. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa mbali kutafuta malisho. Lakini nyuma ya boma la kina Lesiamon, kuelekea kwenye miinuko, kulikuwa na ukanda mpana wa nyasi ndefu za rangi ya dhahabu, na ndani yake hapakuwa na mnyama hata mmoja. Hyasinta aliutambua. Ndio aliouona kwenye picha ya setilaiti, umezungushiwa mstari mwekundu.

Mama yake Lesiamon, Resiato, aliwakaribisha kwa chai ya maziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo mwanawe akawa mkalimani. Walikaa kwenye kivuli cha nyumba.

"Anauliza unapima nini," Lesiamon alisema.

"Mwambie napima moshi wa ndege zinazoleta wageni."

Resiato alisikiliza, akatazama juu, akasema kitu.

"Anasema zinapita, anaziona. Lakini moshi wake hauanguki hapa. Sasa mbona umekuja kuupimia hapa?"

"Mwambie kampuni inatafuta mahali pa kupanda miti itakayounyonya."

Lesiamon akatafsiri, polepole kuliko mwanzo. Resiato akanyoosha mkono kuelekea kwenye nyasi za dhahabu, akaongea kirefu.

"Anasema miti mingi hapa haikai, mvua hazitoshi. Anasema pale ni alalili. Panahifadhiwa. Mwezi huu na ujao hakuna kuingiza mifugo, ni akiba ya ndama na ng'ombe wagonjwa jua likizidi. Mwaka juzi kama si pale, watoto hapa wasingepata maziwa. Anauliza, hiyo miti mnataka kuiweka wapi?"

Hyasinta alishika kikombe kwa mikono miwili. "Pale," alisema.

Lesiamon hakutafsiri.

Resiato alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mgeni, akingoja. Upepo ulivuma, vumbi likapita kati yao.

"Hiyo nimwambie?" Lesiamon aliuliza kwa Kiswahili. "Niambie wewe. Nimwambie mama yangu kwamba nimekuleta mimi?"

Hyasinta aliikumbuka sauti yake mwenyewe ndani ya ukumbi wa kigango. Angeweza kusema usimwambie, na Lesiamon angetafuta maneno laini, na chai ingeendelea.

"Mwambie," alisema. "Yote. Na umwambie wanapaita uwanda mtupu."

Akamwambia. Resiato hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu, na Lesiamon akalitafsiri huku akiangalia chini: "Anauliza, na wewe ukapaonaje?"

Wakaanza safari ya kurudi. Juu ya ukingo wa kreta Lesiamon alisimamisha gari pembeni, akazima injini.

"Barua umeshaiandika?"

"Ndiyo."

"Umeituma?"

"Bado. Haina sahihi." Akamweleza kila kitu, kifungu cha tisa, ekari ya mama yake, wakulima sitini na watatu. Alipomaliza, Lesiamon alikuwa ameshika usukani kana kwamba gari bado linakwenda.

"Kwa hiyo ni mama yako au mama yangu," alisema.

"Ndivyo walivyoipanga."

"Sijui nani kaipanga. Ninachojua, ukiisaini kuna mtu atatumwa kupeleka watu wa vipimo Piyaya. Na dereva ni mimi."

Akawasha gari.

Hyasinta hakuisaini, na hakuifuta pia. Kwa wiki tatu aliiacha kwenye kompyuta, na kila asubuhi aliifungua akaisoma. Alasiri alikwenda Rhotia, shamba hadi shamba, kuhesabu miti. Aliwaambia watu ni ukaguzi wa kawaida. Kwenye ekari ya mama yake ilipandwa miche mia nne. Aliyoikuta hai ni mia mbili na kumi na miwili. Mingine ililiwa na mchwa, mingine ilikufa kwa ukame wa mwaka wa kwanza, na vyeti vilikuwa vikiihesabu yote kuwa hai. Kwa Wilibrodi ilikuwa chini ya nusu. Usiku hakulala vizuri. Kila njia aliyoifikiria iliishia kwenye shamba la mtu anayemjua.

Mkaguzi alifika katikati ya Aprili, masika yakiwa yameanza. Aliitwa Eva, Mjerumani wa makamo aliyewahi kufundisha Moshi na aliyezungumza Kiswahili kizuri. Walikaa ofisini kwa Nafisa, watatu. Mvua ilipiga bati hadi ikabidi wasogeze viti ili wasikilizane.

"Makadirio yako nimeyapitia," Eva alisema. "Ni kazi safi. Nimekagua kampuni nyingi, wachache wanathubutu kuhesabu hivi. Kilichobaki ni eneo. Ekari mia moja na hamsini. Ni Rhotia au Piyaya?"

Nafisa alimtazama Hyasinta. Barua ilikuwa imechapwa, iko mezani ndani ya faili la bluu. Kalamu ilikuwa juu yake.

"Naomba nikuonyeshe hesabu nyingine kwanza," Hyasinta alisema. Alifungua daftari badala ya faili. "Hii ni miti iliyo hai. Nimehesabu mmoja mmoja. Karibu nusu imekufa. Kwa hiyo ekari mia moja na hamsini hazitoshi, tunahitaji mia tatu. Hizo ni za wageni wa mwaka huu. Wa mwakani wanahitaji mia tatu zao. Miaka kumi, elfu tatu. Rhotia watu wana ekari mbili mbili."

"Ndiyo maana ipo Piyaya," Eva alisema.

"Piyaya nimefika. Pale panapoonekana patupu panatunzwa kwa ajili ya ndama. Na miti haitakua, mvua hazitoshi. Tutawanyang'anya nyasi, halafu tutahesabu miti iliyokufa, kama tulivyofanya Rhotia."

"Sasa unapendekeza wapi?"

"Sipendekezi popote." Akalisogeza daftari mbele ya Eva. "Nilidhani tukihesabu vizuri, tutakuwa tumefanya haki. Kumbe tukihesabu vizuri halafu tukasema miti itaufuta moshi wote, tunahitaji ardhi ya watu kila mwaka, bila mwisho. Hesabu ni sahihi. Kosa ni kusema imefutika. Mgeni aliyelala kwenye ndege ana kilo elfu nane. Tumwandikie elfu nane zake, aende nazo kwao, akaamue mwenyewe atasafiri tena au hatasafiri."

"Hicho hakitakuwa cheti cha fidia tena," Eva alisema.

"Najua."

"Na mimi sitaweza kuwapa mhuri."

"Najua, mama."

Eva alikaa akiangalia lile daftari, kurasa za mistari minne minne na msalaba kila mti wa tano. "Naomba nipige picha kurasa hizi," alisema mwishowe. Nafisa alikuwa amegeukia dirishani, na mgongo wake ulikuwa umenyooka sana.

Mhuri haukutolewa. Wakala mmoja aliondoka mwezi wa sita, wa pili akafuata. Makao makuu waliandika kwamba upanuzi wa maeneo umesitishwa kwa sasa, na Hyasinta aliyasoma hayo maneno mawili ya mwisho mara nyingi. Vyeti havikufa. Vilibadilishwa: kilo zikaondolewa, ikabaki picha ya mti na shukrani kwa mchango wa mgeni katika mazingira. Wageni walivipenda hivyohivyo. Hyasinta aliomba sahihi yake iondolewe, ikawekwa ya mtu wa masoko asiyewahi kufika Karatu. Cheo cha msimamizi wa makadirio alibaki nacho, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukifuta, lakini kazi aliyopewa ni kupokea mboga na mayai stoo.

Madereva wa mkataba walipunguzwa. Lesiamon alikuwa mmoja wao. Siku ya mwisho alikuja stoo kumuaga.

"Ni kwa sababu yangu," Hyasinta alisema.

"Ni kwa sababu yako, ndiyo," alisema Lesiamon. Hakuficha. "Sikulaumu. Lakini nina watoto wawili shuleni hapa mjini, sijui wiki ijayo wanakula nini." Akampa mkono, akaenda zake. Hyasinta aliendelea kusimama kati ya masanduku ya nyanya mpaka mpishi alipomwita mara ya pili.

Kilichobaki kilikuwa kwenda Rhotia. Aliomba nafasi baada ya misa, akasimama nje ya kanisa, akawaambia watu wote kifungu cha tisa kilisema nini, na kwamba aliwaficha, na kwamba kwa sasa kimesimamishwa lakini hakijafutwa. Baadhi waliguna. Mzee mmoja akamwita kwa Kiiraqw jina ambalo Hyasinta hakutaka kulisikia. Wilibrodi alivaa kofia yake.

"Siku ile nilinyoosha kidole," alisema.

"Nilikuona."

"Ulinijibu kwa haraka, nikadhani nimeuliza ujinga." Tangu siku hiyo humsalimia, lakini habari za loji haulizi.

Mwezi wa saba Hyasinta alichukua likizo kumsaidia mama yake kuvuna. Walivunja mahindi tangu asubuhi kwenye ile ekari iliyobaki. Upande wa pili wa mpaka migrevilea ilisimama kwa mistari yenye mapengo. Tawi moja kubwa lilikuwa limevunjika, limelala chini. Mkataba haukuruhusu hata kuliokota kuni.

Brigita alikaa juu ya gunia kupumzika. Alikuwa hajalitaja jambo lile tangu Februari.

"Hii miti inaondoka mwaka gani?"

"Elfu mbili arobaini na saba."

"Mimi nitakuwa na miaka mingapi?"

"Themanini na mitatu."

Brigita alitikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya kitu asichonuia kununua. "Na wewe?"

"Hamsini na mmoja."

"Basi wewe ndiye utakayeikata. Kwa shoka huwezi, umekaa sana ofisini. Tafuta mtu mwenye msumeno." Akainuka, akajipangusa. "Halafu usisaini karatasi nyingine yoyote."

Hyasinta akasema ndiyo mama. Brigita alishamgeuzia mgongo, anarudi kwenye mstari wake, na mahindi yalikuwa bado mengi.